Nani anabeba farde? Masomo ya juu ya mwenye ulemavu hapa Bukavu

Vyuo vyetu vina midomo miwili. Wa kwanza ni valve, lile sanduku la kioo ukutani panapobandikwa ratiba, orodha ya wenye deni la minervali, yaani karo ya chuo, matokeo ya sesheni, na kile kikaratasi cha asubuhi kinachosema somo la saa mbili limehamia oditwari nyingine, ukumbi wa masomo. Wa pili ni mdomo wa CP, mkuu wa promosheni, yaani wa wanafunzi wote wa mwaka mmoja, anayesimama mbele ya wenzake mia mbili na kupaza sauti kwamba kuna jaribio: “Interro ni kesho!” Kipofu, valve haimwambii kitu. Kiziwi, sauti ya CP haimfikii. Na yule wa kiti cha magurudumu amesikia yote na kusoma yote, ila oditwari mpya iko ghorofani.

Nimefundisha humanités pédagogiques, sekondari ya ualimu, hapa mjini miaka ya kutosha kulijua swali litakalokuja matokeo ya Exetat, Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, yakishatoka. Mama anafika nyumbani na mtoto wake, anakaa, anakunywa maji, kisha: “Mwalimu, chuo gani kinapokea walemavu?” Jibu ni fupi na halimfai kitu: karibu vyote vinaandikisha. Sijawahi kuona hapa Bukavu kanuni ya chuo iliyosema kipofu asipokelewe. Anayeandikisha anatazama diploma, asilimia na risiti ya malipo, basi. Mambo yanafungamana baada ya hapo, na wazazi wengi wanayakuta yamekwisha kufungamana, mwezi wa pili wa masomo, mtoto akiwa amerudi nyumbani na kusema haendi tena.

Wizara nne, mtoto mmoja

Tuanze na fundo kubwa. Mtoto akiwa shule ya msingi na sekondari yuko chini ya wizara moja. Akipata diploma na kuingia chuo anahamia wizara nyingine, ile ya elimu ya juu tunayoiita ESU. Akichagua ufundi, mafunzo ya ufundi nayo yana wizara yake. Na mambo ya ulemavu wenyewe yamewekwa upande wa mambo ya kijamii, ambako mwaka 2019 aliteuliwa waziri mjumbe wa watu wenye ulemavu, mwanasheria Irène Esambo, yeye mwenyewe mtu mwenye ulemavu.

Kila upande una ofisi zake, mihuri yake na ngazi zake za kupanda. Lakini habari za mtoto hazipandi ngazi pamoja naye. Yote ambayo shule ya sekondari ilijifunza juu yake kwa miaka, kwamba anahitaji kukaa mbele, kwamba anaandika polepole, kwamba mwalimu asiseme akiwa ameelekea ubao, yanabaki shuleni siku anapochukua diploma. Chuo kinaanza naye sifuri.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kike, kiziwi. Alizaliwa akisikia, akapoteza usikivu akiwa na miaka 6 baada ya meninjiti. Kwa hiyo alikuwa anasema, kwa sauti nzito kidogo isiyopanda wala kushuka, na alikuwa anasoma midomo. Darasani kwetu hakuwa na tabu kubwa. Sote tulishamzoea, na rafiki yake wa benchi alikuwa anaandika noti kwa karatasi ya kaboni, nakala moja yake, nyingine ya mwenzake. Alipofika chuoni, mwezi wa kwanza wote alidhaniwa mwenye kiburi. Asistanti, mwalimu msaidizi, alimwita kutoka nyuma mara tatu, hakugeuka. Wakasema huyu binti anajidai. Hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe aliona haya kusema mbele ya watu mia mbili asiowafahamu. Diploma yake ilisema amefaulu pedagojia kwa asilimia kadhaa. Haikusema kitu kingine.

Tangu mwaka ule, kila mwanafunzi wangu mwenye ulemavu anayemaliza namwambia anunue farde, jalada la kuwekea karatasi. Ile ya plastiki, yenye mpira. Nitarudi kwenye farde.

Kabla ya chuo: Exetat

Mtihani wa Serikali uko nasi tangu mwaka 1967, na kila mtu anaujua kwa juu juu. Kwa mwenye ulemavu inafaa kuujua kwa ndani, kwa sababu una sehemu mbili zinazomwuma mahali tofauti.

Sehemu ya kwanza ni hors-session, wiki kadhaa kabla: insha, jury (watahini) ya somo la vitendo kulingana na opsheni, na Kifaransa cha mdomo. Soma tena hayo maneno, Kifaransa cha mdomo, ukimfikiria mtoto kiziwi. Binti yangu yule aliokolewa na prefe wetu, mkuu wa shule. Muhula wa kwanza haujaisha, mzee alikuwa amekwisha kuandikia inspeksheni barua ya ukurasa mmoja, akieleza na kuomba mtoto aulizwe kwa maandishi. Alijibiwa. Jury ikaandika maswali, mtoto akajibu, ikawa imekwisha. Nadhani yeyote katika ile jury angekataa kama barua ingefika asubuhi ya mtihani, na singemlaumu sana, maana hakuna anayependa kuvunja kanuni kwa kubahatisha.

Sehemu ya pili ni session yenyewe, siku nne za maswali ya kuchagua jibu, zile items, ambazo majibu yake yanaandikwa kwenye kuponi inayosahihishwa na mashine. Hapa anayeumia ni kipofu na mwenye uoni hafifu, ambao humo ndani nawaweka pia watoto wenye ualbino, kwa sababu ualbino karibu kila mara huja na macho yasiyoona mbali na yasiyostahimili mwanga. Wengi wao wamehesabiwa wazembe miaka yote ya shule na hawajawahi kusikia kwamba macho yao ni sababu ya kutosha ya kuomba maandishi makubwa na kiti kilicho mbali na dirisha. Kipofu anaomba msomaji na mwandishi, na muda wa ziada. Yote yanaombwa kupitia prefe, kwa barua, mapema.

Anayefikisha asilimia 50 amepata diploma. Lakini baadhi ya fakulte, tiba kwanza, zinataka zaidi ya hapo, au zinaweka mtihani wa kuingilia. Asilimia zilizopotea kwa kukosa msomaji zinamfuata mtoto hadi mlangoni pa chuo, na pale hakuna anayeuliza zilipoteaje.

Na aliyeacha shule njiani? Wako wengi, kwa vita, kwa kukosa karo, kwa kulazwa hospitali mwaka mzima. Exetat inakubali pia wanaojisomea wenyewe, les autodidactes, baada ya kupita mtihani wa awali wa kuwachuja. Nimemwona mtu mzima wa magongo, mshona viatu, akipata diploma kwa njia hiyo wakati mtoto wake wa kwanza yuko sekondari.

Cherehani moja, milango miwili

Hapa nina ugomvi, na nitautoa. Katika mji wetu mtoto akiwa na ulemavu, watu wema wa parokia, wajomba, na wakati mwingine mradi wenye fedha, wote wanamwona na cherehani. Kama si cherehani, basi viatu. Siidharau kazi ya kushona. Imelisha nyumba nyingi Kadutu. Ila kuna jambo ambalo halielezwi kwa wazazi, nalo ni hili: kuna kushona kunakofika chuo na kuna kushona kusikofika.

Coupe et couture, ukataji na ushonaji, ya humanités ni miaka 4 baada ya ile 8 ya elimu ya msingi. Mwishoni kuna Exetat na diploma ya Serikali kama ya mwenzake wa biokemia, na diploma hiyo inafungua chuo. Atelier ya kushona ya miezi sita, hata ikiwa nzuri, inampa karatasi ya kituo. Kuna pia njia fupi za ufundi za shule, zinazoishia kwenye brevet, cheti cha ufundi. Kwa hiyo watoto wawili wamekaa kwenye cherehani ya aina moja, wanakata kitenge cha aina moja, na baada ya miaka michache mmoja anaweza kuingia ISP, chuo cha walimu, na mwingine hawezi. Mzazi anayepelekwa kuandikisha mtoto wa ufundi na aulize swali moja tu, hata kama atazungushwa: “Hii inafika Exetat?”

INPP, taasisi ya Serikali ya mafunzo ya kazi, ni habari nyingine, na ni nzuri. Ilianzishwa tarehe 29 Juni 1964 ili kuandaa watu kwa kazi, na ina tawi hapa Bukavu, kama Goma na Lubumbashi. Inafundisha useremala, umeme, kuchomelea, makanika, kompyuta na mengine, kwa muda wa miezi badala ya miaka, na inatoa brevet ambayo waajiri wanaijua. Brevet hiyo haisimami mahali pa diploma ya Serikali. Hata aliyemaliza chuo anaweza kuwa nayo, na kwa kijana kiziwi mwenye mikono mizuri mimi ningeifikiria kabla ya fakulte anayopelekwa kwa sababu tu binamu zake wote wamekwenda huko. Kazi ya fundi inatazamwa kwa macho, inaonyeshwa kwa mikono. Oditwari yetu inategemea masikio kwa karibu kila kitu.

Upande wa vyuo, majina mnayajua: UOB ya Serikali, Université Catholique tangu 1989, UEA ya Kiinjili kule Panzi, na taasisi kama ISP ya walimu, ISTM ya afya, ISDR ya maendeleo ya vijijini, ISC ya biashara. Jambo moja tu linawachanganya wazazi wa rika langu. Zamani ilikuwa grada miaka 3, halafu lisansi miaka 2, na mtu wa L1 alikuwa mtu mzima wa mwaka wa nne. Tangu mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) ulipoenezwa mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi yenyewe ni miaka 3 na L1 ni mtoto wa mwaka wa kwanza. Kwa mwenye ulemavu LMD ina faida iliyojificha: masomo yanahesabiwa kwa krediti, na krediti uliyokwisha kuipata inabaki yako. Mwenye sikoseli, ugonjwa wa selimundu, aliyelala kitandani wiki sita anaweza kubaki na deni la masomo machache badala ya kupoteza mwaka mzima kama zamani.

Sheria inatoa nini hasa

Nimesikia mambo mengi ya uongo hapa, ya kutia moyo na ya kukatisha tamaa.

La kwanza: “Masomo ya walemavu ni ya bure.” Hapana. Ubure wa Katiba, kipengele cha 43, ni wa shule ya msingi ya Serikali, na ulianza kutekelezwa kweli mwaka 2019. Chuo kinalipiwa, na mwenye ulemavu analipa kama wengine, isipokuwa apate mfadhili au chuo chenyewe kimpunguzie.

La pili: “Sheria haipo.” Ipo, na imepangwa kwa tabaka. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakataza ubaguzi katika elimu kwenye kipengele cha 13, inataja dini, kabila, familia, mahali pa kukaa. Ulemavu hauumo katika orodha ile. Umewekwa kipengele cha 49, kinachosema mtu mwenye ulemavu ana haki ya hatua maalumu za kumlinda, na kwamba sheria itafuata. Sheria hiyo ilifuata baada ya miaka 16: ni sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Katikati, mwaka 2015, Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Na kipengele cha 215 cha Katiba kinasema mkataba uliokubaliwa kihalali na kutangazwa una nguvu kupita sheria za kawaida.

Mkataba huo ndio wenye maneno yanayomhusu mwanafunzi wetu moja kwa moja. Kipengele cha 24, aya ya 5, kinataja elimu ya juu, mafunzo ya kazi na elimu ya watu wazima, na kinadai mwanafunzi apatiwe marekebisho yanayofaa. Maneno haya yana maana yake kamili, imetolewa katika kipengele cha 2: ni badiliko linalohitajika kwa mtu fulani, katika jambo fulani, lisilomtwika mwingine mzigo usio na kipimo. Kulikataa bila sababu ni ubaguzi.

Tuyalete kwenye oditwari ya ghorofani. Baba mmoja alikuwa tayari kwenda kudai chuo kijenge lifti. Nilimwambia, mzee, hiyo lifti watakujibu kwa neno moja, hela, na watakuwa na hoja. Kaombe promosheni nzima ya mtoto wako ipewe chumba cha chini. Hilo halina gharama isipokuwa usumbufu wa mtu wa ratiba. Kadiri ombi linavyokuwa dogo na limepimwa, ndivyo linavyokuwa gumu kukataliwa kwa mujibu wa mkataba. Watu wetu wanaomba kama wanaomba msaada, kwa ujumla na kwa machozi: “Mtusaidie huyu mtoto.” Ofisi haijui kufanya nini na machozi. Inajua kufanya nini na sentensi inayosema: chumba cha chini, Jumanne na Alhamisi.

Macho, masikio, miguu

Kwa kipofu, mambo yamebadilika sana kuliko wazazi wanavyojua. Louis Braille alikuwa kijana wa miaka 15 alipounda maandishi yake ya nukta sita mwaka 1824, na nukta zile bado ndizo elimu ya kwanza ya kipofu.  Lakini silabusi moja, kitabu cha noti za somo, ya kurasa 80 ikiwekwa kwa breli inakuwa mzigo wa mabuku, na hapa hakuna wa kuichapa. Kwa hiyo chuoni kipofu anasoma kwa masikio. Simu nyingi za Android zina TalkBack ndani tayari. Kwenye kompyuta kuna NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia kipofu, na inasoma Kifaransa. Inachohitaji ni maandishi yenyewe. Silabusi iliyopigwa fotokopi mara kumi, au picha yake, simu inaibahatisha. Basi ombi la kipofu kwa asistanti ni dogo sana: faili, kabla haijachapwa. Maana ilichapwa kutoka mahali. Baadhi wanakatalia kwa sababu silabusi inauzwa na wanaogopa itasambaa. Mwanafunzi na ainunue kama wengine, aonyeshe risiti, ndipo aombe faili. Nimeona hoja hiyo ikizima ubishi.

Kuhusu opsheni, vipofu wanasukumwa kwenye sheria, lugha na pedagojia. Si vibaya, ISP na fakulte ya sheria ni mahali pa maneno. Hesabu ni ngumu zaidi lakini haikukatazwa. Shule za vipofu za Kifaransa zina kifaa kinachoitwa cubarithme, vijiwe vidogo vya umbo la mchemraba vyenye breli, vinavyopangwa kwenye ubao wenye vyumba, na mtoto anajumlisha kwa vidole. Anayesema kipofu hawezi kazi za afya naye ajue kwamba Ufaransa ina shule zinazofundisha vipofu kinésithérapie, tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, na wanafanya kazi hospitalini.

Kwa kiziwi, shida inaanza na lugha ya alama yenyewe. Ile inayotumika katika shule nyingi za viziwi katika Kongo na nchi nyingine zinazosema Kifaransa ina mizizi Marekani, na aliyeileta ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi tangu miaka 11, kwa meninjiti vilevile. Mwaka 1954 alikuwa mweusi wa kwanza kumaliza chuo cha Gallaudet, mwaka 1957 akafungua shule ya viziwi Accra, akaendelea kuanzisha shule na kufundisha walimu nchi kwa nchi hadi ajali ya ndege ilipomwua mwaka 1987, hapa jirani Rwanda. Alitupatia shule. Chuo ni hatua nyingine. Alama za “sheria ya mirathi” au “utando wa seli” mara nyingi hazipo, na mkalimani na mwanafunzi wanalazimika kuzitunga wenyewe usiku kabla ya somo. Mkalimani wa namna hiyo ni nadra na anataka kulipwa. Kwa hiyo wengi wanaishi kwa mwenzao wa noti, na hapo tena ninasema ombi liandikwe: huyo mwenzake atambuliwe na chuo, akae naye mbele. Urafiki peke yake unaisha wakigombana.

Kuna pia tofauti kati ya aliyezaliwa kiziwi na aliyekuwa kama binti yangu. Kwa wa kwanza Kifaransa ni lugha ambayo hajawahi kuisikia hata siku moja, na makosa yake ya sarufi yanasomwa na jury kama ujinga. Hili linauma kuliko yote na sina dawa yake, isipokuwa mwanafunzi aandike mapema kwa profesa kwamba Kifaransa si lugha yake ya kwanza.

Kwa miguu, Bukavu yenyewe ndiyo mtihani. Mji umening'inia juu ya ziwa, ngazi za udongo Kadutu, matope kuanzia mwezi wa tisa, na masomo yanaanza mvua ikiwa imekolea. Kituo cha Heri Kwetu kinatoa mazoezi na vifaa vya kutembelea, kama Shirika la Umoja kwa watu wa Goma, lakini kiti kizuri kikifika mteremkoni kinabaki kuwa kiti mteremkoni. Moto, pikipiki ya abiria, inachukua mwanafunzi na kiti kilichokunjwa, kisha inadai bei ya watu wawili. Pigeni hesabu hiyo kabla ya minervali: siku tano kwa wiki, kwenda na kurudi, kwa mwaka. Nawajua walioshindwa na moto, minervali ikiwa imelipwa yote. Wakati mwingine kupanga chumba karibu na chuo kunakuwa nafuu kuliko kukaa bure kwa shangazi Bagira.

Na kuna stage, mafunzo ya kazini. Hakuna anayeifikiria mwaka wa kwanza. Mwanafunzi wa ISP atapelekwa shuleni kufundisha, wa ISTM atapelekwa wodini, na mahali hapo hapakusoma barua yoyote. Aliye kiziwi anaweza kuomba stage katika shule ya viziwi, ambako kwa mara ya kwanza katika masomo yake yote atakuwa ndiye anayejua zaidi ya msimamizi.

Fedha sitaziandika sana, kila nyumba inajua yake. Juu ya karo kuna chaji ya simu umeme ukikatika, mega za intaneti, mkalimani, moto. Benki zilipofungwa hapa mjini Februari 2025, waliokuwa wakipokea msaada wa masomo kupitia akaunti walikwama kuliko wote, na tangu siku zile nashauri mfadhili aulizwe pia kama anaweza kutuma kwa simu.

Farde

Sasa farde. Ndani kuna karatasi ya daktari au ya kituo inayosema ulemavu ni upi, kwa maneno ya mtu wa kawaida: “haoni ubao kutoka mstari wa pili”, siyo Kilatini peke yake. Kuna barua ya shule ya sekondari inayoeleza alichopewa huko na kilichofaa. Prefe anaiandika kwa dakika kumi kama ukimwomba kabla ya likizo, na miezi mitatu kama ukimwomba baada. Kuna nakala ya kurasa za mkataba na ya sheria ya 2022, kwa ajili ya yule atakayesema haijui. Na kuna barua ya ombi yenyewe kwa katibu mkuu wa masomo, nakala kwa dekano, mkuu wa fakulte, na kwa apariteri. Apariteri ndiye anayegawa vyumba. Nimeona barua nzuri zikifia juu kwa sababu mwenye funguo za vyumba hakuambiwa.

Barua inapelekwa nakala mbili. Moja inabaki, nyingine sekretari anaigonga muhuri wa kupokelewa na tarehe, nawe unarudi nayo kwenye farde. Watu wanaona haya kudai muhuri huo. Dai. Bila muhuri, barua yako ni hadithi. Na kila mwaka inaandikwa upya, kwa sababu chumba kinabadilika, asistanti anabadilika, CP anabadilika.

Binti yangu yule alirudi chuoni muhula wa pili na farde chini ya kwapa. Dekano alisoma, akaita CP. CP, kijana wa Panzi mwenye maneno mengi, alifungua kundi la WhatsApp la promosheni siku ileile na kuanza kupiga picha kila kinachobandikwa kwenye valve na kuituma. Kiziwi akasoma. Watu wakafurahi, hata wasio na ulemavu, maana hakuna tena aliyeshuka kutoka Muhungu saa kumi na mbili asubuhi kukuta somo limeahirishwa. Wiki ya pili, kijana kipofu wa promosheni ileile akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi: “CP, simu yangu inaniambia tu ‘picha’. Picha ya nini?”

Usiku ule CP akaandika kwa vidole vyake, herufi kwa herufi: “Kesho saa 2, somo la Takwimu, chumba cha chini karibu na apariteri. Mje na kalkuleta.”